Mabaharia wa Nchi Kavu: Kupanga Safari ya Tanga Kutoka Bukoba Hadi Bumbire

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ni nchi ya vilima, migomba na mibuni ambayo imezungukwa na maji kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa kuwa Mto Kagera unaitenga na Rwanda upande wa magharibi na Uganda upande wa kaskazini, na mabonde yake yana maziwa madogo kama Rwakajunju na mabwawa mapana ya mafunjo. Hata hivyo, hakuna kijiji cha wilaya hizo mbili kinachogusa Ziwa Victoria, na mkazi wa Kayanga, Nkwenda au Murongo anayetaka kuliona ziwa hilo hana budi kushuka kwa gari hadi Kyaka, kisha aendelee mpaka Bukoba. Kwa sababu hiyo, watu wa Karagwe na Kyerwa wanapotaka kufanya safari ya tanga katika pwani ya magharibi ya ziwa, wanafika majini wakiwa na nguvu za mwili na ujasiri wa kutosha, lakini bila mazoea ya kusoma mawingu, upepo na mawimbi. Mazungumzo haya yanahusu namna ya kupanga safari ya watu wa aina hiyo, na hoja yake kuu ni kwamba mpango wa safari ya mabaharia wageni hupimwa kwa uwezo wa aliye dhaifu kuliko wote chomboni, wala haupimwi kwa ustadi wa nahodha.

Neno baharia mgeni limetumika hapa kwa maana ya mtu ambaye hajawahi kushika demani, yaani kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga na kulikaza au kulilegeza kadiri upepo unavyobadilika, na ambaye hajawahi kukaa chomboni kwa saa kadhaa huku chombo kikienda mrama, yaani kikiyumba ubavu kwa ubavu kwa nguvu ya mawimbi. Mtu huyo anaweza kuwa mkulima hodari, fundi au mwalimu, na pengine anajua kuogelea mtoni, lakini majini uzoefu wake wa nchi kavu humsaidia kidogo na wakati mwingine humpotosha. Kutoka ufukweni ziwa huonekana tulivu, na mtu aliyekulia vilimani, ambako mvua huonekana ikija kutoka mbali na kumpa nafasi ya kukimbilia nyumbani, ni rahisi kuamini kwamba majini nako atapewa nafasi kama hiyo.

Historia ya eneo hili ina mfano mmoja wa safari ya mabaharia wageni ambao unafaa kuchunguzwa kwa makini, kwa sababu chombo chake kilifika hadi Karagwe yenyewe. Mnamo tarehe 8 Machi 1875, Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, kusini mwa ziwa, akiwa na mashua iliyoitwa Lady Alice, ambayo ilikuwa imeundwa Uingereza kwa vipande vilivyoweza kufunguliwa na kubebwa na wapagazi. Alipowataka watu wa msafara wake wajitolee kwenda naye, hakuna aliyejitokeza, kwa kuwa wengi walisema hawayajui maji, hata akalazimika kuchagua wapiga makasia 10 na mshika usukani 1, aliyeitwa Safeni, kutoka miongoni mwa Waungwana waliotoka naye Zanzibar. Kwa hiyo safari hiyo ilianza na mabaharia wasiotaka kwenda, tena ilianza mwezi wa Machi, wakati mvua za masika zinapoanza na ziwa linapokuwa na radi nyingi. Makosa hayo mawili, la watu na la majira, yalifanywa kabla nanga haijang'olewa, na mpangaji wa leo anaweza kuyaepuka yote mawili bila gharama yoyote.

Matokeo yalionekana katika pwani ya Kagera. Mwishoni mwa Aprili 1875, wakiwa wanarudi kusini kutoka Buganda kwa kufuata ufuko wa magharibi, mabaharia hao waliishiwa chakula, na njaa ndiyo iliyowasukuma kutia nanga Bumbire, kisiwa ambacho leo kimo katika Wilaya ya Muleba, bila kujua watapokelewaje. Wenyeji, waliokuwa na kila sababu ya kuwashuku wageni wenye bunduki, waliivuta mashua nchi kavu na kuyachukua makasia yote. Mabaharia walipofanikiwa kuisukuma tena majini, waling'oa mbao za sakafu ya mashua na kuzitumia kama makasia, kisha wakasukwasukwa na dhoruba kabla ya kupata kimbilio katika kisiwa kidogo kisichokuwa na watu. Stanley alirudi Bumbire mwezi wa Agosti mwaka huo na kuwashambulia wenyeji kwa risasi, tendo lililolaaniwa hata Uingereza kwenyewe wakati huo, na ambalo halina utetezi. Kwa mpangaji wa safari, hata hivyo, sehemu yenye mafunzo ni ile iliyotangulia umwagaji damu, yaani kwamba mahali pa kutua palichaguliwa na njaa, na kwamba chombo hakikuwa na makasia ya akiba. Nahodha mwenye chakula cha siku mbili zaidi ya zile alizopanga anaweza kukataa kutua mahali asipopaamini. Asiye nacho hutua popote.

Mwaka uliofuata, yaani 1876, vipande vya Lady Alice vilibebwa hadi Karagwe, ambako Mukama Rumanyika alimpokea Stanley, na mashua hiyo ikaunganishwa na kuelea katika ziwa dogo ambalo John Hanning Speke, aliyepita huko mwaka 1861, alikuwa ameliita Windermere kwa kulifananisha na ziwa la Uingereza. Huko yalifanyika mashindano kati ya mashua hiyo na mitumbwi ya Rumanyika, kisha mashua ikapitishwa katika Mto Kagera hadi kisiwa cha Ihema, ambacho leo kimo ndani ya Rwanda. Inafaa watu wa Karagwe wakumbuke kwamba nchi yao ilikuwa na mitumbwi na wapiga kasia wake wenyewe kabla ya kuja kwa mashua ya mgeni, ingawa ni kweli pia kwamba maji ya ndani ya Karagwe ni shule ya aina nyingine. Katika maziwa hayo na mtoni kuna viboko na mamba, mafunjo hufunga njia, na sehemu kubwa ya kingo za Kagera imo katika Hifadhi za Taifa za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa, zilizotangazwa mwaka 2019, ambako mtu haingii bila kibali. Kwa hiyo mazoezi ya tanga kwa watu wa wilaya hizi yafanyike Bukoba, mbele ya mji, ambako kisiwa cha Musira kiko karibu kiasi cha kuonekana wazi kutoka ufukweni, na ambako mashua za wavuvi hupita wakati wote wa mchana.

Jambo linalostahili kuelezwa kwa urefu kuliko mengine ni upepo, kwa kuwa ziwa hili halina kupwa na kujaa kwa maana ya baharini, na hivyo saa za safari huamuliwa na jua na nchi kavu. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na upana wake mkubwa wa maji hutengeneza hali ya hewa yake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake hupanda juu, na hewa ya ziwani huvuma kuja kujaza nafasi hiyo; huo ndio upepo wa ziwani, ambao Bukoba huvuma kutoka mashariki kuelekea pwani, na huzidi nguvu alasiri. Usiku mambo hugeuka, nchi kavu ikapoa kuliko maji, na upepo wa nchi kavu ukavuma kutoka vilimani kwenda ziwani hadi asubuhi. Usiku huo huo pepo za nchi kavu zinazotoka pande zote za ziwa hukutana katikati yake, zikaisukuma juu hewa yenye joto na mvuke, na hapo hujengeka mawingu ya radi ambayo pepo za juu zinazotoka mashariki huyaleta upande wa magharibi. Hiyo ndiyo sababu pwani ya Bukoba hupata ngurumo nyingi kati ya usiku wa manane na asubuhi, ilhali upande wa mashariki wa ziwa watu husubiri mvua ya alasiri.

Mafunzo ya jambo hilo kwa safari ya tanga ni ya moja kwa moja. Chombo kinachotoka Bukoba kwenda kusini kikiondoka asubuhi hupata upepo wa nchi kavu ubavuni, upande wa kulia, nao ni upepo mzuri kuliko wote kwa mwanafunzi, kwa sababu tanga hujaa bila kubishana na upepo na mawimbi karibu na ufuko huwa madogo. Lakini asubuhi hiyo hiyo ndiyo mwisho wa saa za radi, hivyo mtu hawezi kuondoka gizani kwa kutegemea kalenda. Ni lazima asubiri kuche, aangalie mashariki, na kama kuna wingu jeusi lenye kitako bapa na ukungu wa mvua chini yake, akae. Saa 1 asubuhi, kwa kawaida, mawingu ya usiku huwa yameshajionyesha yanakoelekea. Kisha, kwa upande mwingine wa siku, chombo kiwe kimeshatia nanga kabla ya saa 7 mchana, kwa kuwa upepo wa ziwani ukishazidi nguvu hukisukuma kuelekea pwani, na pwani ya magharibi, kwa sehemu kubwa kati ya Bukoba na Kemondo, ni ya magenge na miamba yenye fukwe chache za kutulia. Baharia mzoefu huweza kujinasua kwa kupiga bisho, yaani kwenda kwa kukatakata upande huu na ule ili kuupanda upepo, lakini bisho ni kazi inayohitaji watu wote wafanye jambo sahihi kwa wakati mmoja, na ndiyo kazi ambayo mabaharia wageni huikosea zaidi.

Kwa hiyo siku nzima ya safari ina saa tano au sita tu za kutumika, na hapo ndipo mipango mingi huharibika, kwa sababu mtu hupima njia kwa kilomita zilizo kwenye ramani. Mashua ya tanga yenye upepo wa wastani inaweza kwenda kilomita 7 kwa saa, lakini yenye wageni ipangiwe kilomita 4, kwani muda mwingi hupotea katika kutweka tanga, kulitua, na kumhudumia mwenye kichefuchefu. Kutoka Bukoba hadi bandari ya Kemondo ni kiasi cha kilomita 16 hadi 20 kwa maji, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja inayotosha kabisa. Kutoka Kemondo hadi visiwa vya Bumbire ni umbali unaokaribiana na huo, lakini sehemu yake iko wazi zaidi, kwa hiyo wasafiri walale Kemondo na kuamua upya asubuhi. Siku ya kwanza kabisa wasiende kokote zaidi ya Musira na kurudi. Huenda jambo hilo likaonekana la kitoto kwa kijana aliyetoka Kaisho akiwa na hamu ya kufika Bumbire, lakini katika safari hiyo fupi nahodha ataona nani huganda anapoogopa na nani hutii amri bila kuuliza swali, na hakuna njia ya kuyajua hayo nchi kavu.

Mabaharia wa tanga wa nchi nyingine wamefikia kanuni kama hiyo kwa njia tofauti. Pwani ya magharibi ya Uskoti, kaskazini mwa Uingereza, ni sehemu mashuhuri ya kuwafunzia watu wasiowahi kusafiri kwa tanga, ingawa maji yake ni makali, yana kupwa na kujaa kwa mita kadhaa, na kati ya visiwa vya Jura na Scarba kuna mkondo unaozunguka uitwao Corryvreckan ambao wenye mashua huuogopa. Mpangaji wa huko huwapeleka wanafunzi kati ya Oban na Tobermory, nyuma ya kisiwa cha Mull, ambako mawimbi ya bahari kuu hayafiki na ambako bandari za kukimbilia ziko karibu karibu. Yaani hachagui njia nzuri kwanza akatafuta usalama baadaye. Huanza na makimbilio, na njia hutokana nayo. Tofauti moja ni ya kuangaliwa. Bahari ya Uskoti ni baridi kiasi kwamba hata mwezi wa Agosti haizidi sana nyuzi 14 za sentigredi, na baridi hiyo humfundisha kila mtu kuwa mwangalifu. Maji ya Ziwa Victoria yana nyuzi zipatazo 25, na uvuguvugu wake humdanganya mgeni aone kwamba kuanguka majini ni kama kuoga.

Ajali za ziwa hili zinatosha kuondoa dhana hiyo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilipinduka karibu na Mwanza na kuua zaidi ya watu 800, na katika mkoa wa Kagera msiba huo haujasahaulika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa na abiria wengi kuliko uwezo wake, na watu 228 wakafa wakiwa wanaiona nchi kavu. Vyombo hivyo ni vikubwa na mashua ya tanga ni ndogo, lakini kanuni ya uzito ni ile ile: chombo hubaki wima kwa sababu uzito uko chini na katikati, na watu wanaposimama au kukimbilia upande mmoja ili kutazama gati, kupiga picha au kushuka haraka, uzito huo hupanda na kuhama. Kwa mabaharia wageni hatari hiyo iko hasa dakika za kufika, wakati kila mtu anahisi kwamba safari imekwisha. Amri ya nahodha iwe kwamba hakuna anayesimama mpaka aitwe kwa jina, na amri hiyo izoezwe ufukweni kabla ya kuingia majini.

Kila mtu avae jaketi okozi, ambalo wengi huliita boya, tangu anapokanyaga chomboni hadi anaposhuka, akijua kuogelea au asijue. Jaketi lililofungwa kwenye mfuko chini ya benchi halina kazi, kwa kuwa mashua hupinduka kwa sekunde chache. Kabla ya kukodi mashua, mpangaji aulize kama imekaguliwa na kupewa cheti na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC, ambalo ndilo lenye jukumu la kusimamia usalama wa vyombo vya majini, wala asiridhike na jibu la mdomo. Akague mwenyewe ngama, yaani sehemu ya chini ya chombo ambako maji yaliyoingia hukusanyika, na aone ndoo mbili za kufua maji, makasia ya kutosha na mawili ya akiba, nanga yenye kamba ndefu, na tochi. Injini ya kupachika si aibu kwa safari ya tanga. Wavuvi wengi hutumia vyote viwili, na kundi la wageni linaloona injini ni udhaifu limeanza kufikiri vibaya.

Kuhusu idadi ya watu, mashua inayobeba sita itoshe, wawili wakiwa wazoefu wa ziwa na wanne wageni, kwa sababu mzoefu mmoja akiugua au akianguka majini lazima abaki mwingine wa kushika usukani. Wazoefu hao watafutwe kwenye mialo, yaani mahali wavuvi wanapoegesha mitumbwi na kuuza samaki, kwa kuwaulizia viongozi wa vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, ambao huwajua watu wao. Hao hao waachiwe orodha ya majina ya wasafiri, njia watakayopita, na saa ambayo wakiwa hawajapiga simu watafutwe. Ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, waliofika kwanza walikuwa wavuvi kwa mitumbwi yao. Walikufa watu 19, na waliookoka wanawiwa sana na watu wa mialoni. Msafiri anayepita mwalo bila kusalimia hupita mbele ya watu pekee watakaoweza kumfikia kwa wakati.

Ndani ya chombo, wageni wasiachwe wakae kama mizigo. Kuna desturi ya manahodha wengine kufanya kila kitu wenyewe ili mambo yaende haraka, na desturi hiyo ina hatari, kwa kuwa siku nahodha anapohitaji msaada hakuna anayejua kamba ipi ni ipi. Kila mgeni ajifunze kutua tanga kabla hajajifunza kulitweka, kwani kulishusha haraka ndiko kunakookoa chombo upepo unapokuja kwa ghafla. Halafu ajifunze kulegeza demani, kufua maji bila kusimama, na kushika usukani kwa kutazama alama moja ya pwani. Kupiga bisho kunaweza kusubiri siku ya tatu.

Majira yaliyobaki kuamuliwa yana ugumu wake kwa watu wa Karagwe na Kyerwa. Miezi ya Juni hadi Agosti ina mvua kidogo, na wengi huifikiria kwanza, lakini ndiyo miezi ya pepo za kusini-mashariki zinazovuma kwa nguvu kuelekea pwani hii, tena ndiyo miezi ya kuchuma na kuanika kahawa, ambamo familia haiwezi kumwachilia mtu kwa wiki nzima bila hasara. Machi hadi Mei ni masika, na Oktoba hadi Desemba ni vuli, misimu yote miwili ikiwa na radi. Inayobaki ni Januari na Februari, kipindi kifupi cha mvua chache, na ndicho kinachofaa kupendekezwa, mradi utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe kila jioni na kila asubuhi. Utabiri wa ziwa umeboreka tangu mradi wa nchi za Afrika Mashariki wa mwaka 2017 hadi 2021, ulioungwa mkono na Shirika la Hali ya Hewa Duniani na Uingereza, ulipoanza kuwapatia wavuvi taarifa za upepo na mawimbi kwa lugha wanayoielewa, nyingi zikipitia redioni.

Mpangaji aongeze siku mbili ambazo hazina kazi yoyote, na azitangaze kwa wasafiri na kwa waliobaki nyumbani kuwa ni sehemu ya safari, ili anayetarajiwa Omurushaka siku ya Jumapili asije akamlazimisha nahodha kuondoka Bumbire Jumamosi chini ya wingu. Kama hata siku hizo zikiisha na ziwa likakataa, mashua iachwe mwaloni kwa mwenyewe, na wasafiri warudi kwa boti kubwa ya abiria hadi nchi kavu ya Muleba, na kutoka huko wapande gari kwenda Bukoba. Nauli ya njia hiyo iwekwe kando tangu mwanzo, katika bahasha isiyofunguliwa kwa jambo jingine.